Seva Isizimwe, Kuku Anaatamia

Hezekia Ghumpi,
Mtunza Kuku,
Kituo cha Mbegu za Kuku wa Asili,
Utemini, Singida.
Jumanne.

Ndugu Mkuu wa Kituo,

YAH: PINGAMIZI LA KUSASISHA PROGRAMU YA VINASABA

Shikamoo mama, na pole na majukumu. Likizo yangu ya wiki tatu imeisha kwa harusi ya mpwa wangu huko Kintinku, tukala tukasaza. Jana nimerudi, na furaha yote imeniishia kwenye mlango wa chumba cha seva, nilipokuta tangazo la fundi wetu Peniel kwamba Jumamosi seva itazimwa ili programu ya kuonyesha vinasaba vya kuku isasishwe. Kwa heshima zote napinga, na sababu zangu ni hizi:

1. Juu ya seva kuna kuku. Ni yule mtetea mwekundu wa Mama Redempta wa Sepuka, aliyebaki peke yake ugonjwa wa kideri ulipomaliza banda zima. Alipitia dirisha tunaloliacha wazi ili mashine ipumue, akakuta boksi la karatasi chakavu juu yake, akataga. Aneth mfagizi anasema alianza kuatamia Jumapili ya wiki iliyopita, leo siku ya tisa. Mayai ni kumi na moja. Mimi mwenyewe nimeingiza mkono chini yake: joto zuri la seva, halipandi wala halishuki. Mkizima, yote yatakuwa viza.

2. Kazi ya programu hiyo ni kutuchorea vinasaba vya kuku huyu huyu. Dokta Magreth alinionyesha kwenye kioo kamstari kadogo, akaniambia huenda hako ndiko kanakomkinga na kideri. Sasa jamani, tuue vifaranga ili mstari ung'ae? Mama Redempta aliponikabidhi kuku wake alisema: "Nawapa kuku, siwapi picha." Nikamwahidi atarudi na watoto. Nikirudi mikono mitupu, Sepuka nitapita njia gani?

3. Seva yenyewe haijalalamika. Aneth anasema tangu kuku aanze kuatamia, picha zilizokuwa zikisubiriwa mpaka chai iive sasa zinafunguka maji hayajachemka. Hata lile feni lililokuwa likinguruma kama mashine ya kukamua alizeti limenyamaza kabisa. Kuku anaitibu seva, nasi tunataka kumfukuza mganga.

4. Hilo toleo jipya hatulijui tabia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hili nalo lifungwe kwanza tulitazame.

5. Nasikia wapo wanaoshauri tuachane na seva yetu wenyewe tuhamie kwenye wingu la mtandao. Mama, sisi ni watu wa Singida. Mawingu tunayajua. Kila mwaka tunayatolea macho, yanapita zake kwenda kunyesha kwa wengine.

Kwa hiyo naomba siku kumi na mbili tu, zitimie ishirini na moja za kuatamia. Msiizime seva. Mkiona hapana budi, basi atangulie mtu Sepuka kumweleza Mama Redempta, na mtu huyo asiwe mimi.

Nisalimie Dokta Magreth, Aneth, walinzi wote wa getini, na yule jogoo wa banda la pili, ambaye kwa hesabu zangu anatarajia kuitwa baba.

Wako mtiifu, na mlezi wa mayai kumi na moja,
Hezekia Ghumpi

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Peniel amepita hapa akaisoma barua, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe Jumamosi ya tangazo ilishapita, ile ya kabla kuku hajaanza kuatamia. Aliyaona mayai, akaona huruma, akaihamishia programu mpya kwenye mashine nyingine chini ya meza, ile ambayo tangu jana naiwekea kikombe changu. Seva ya kuku aliizima siku ile ile. Ni baridi kama jiwe, nimeigusa. Joto lote ni la kuku mwenyewe, na mimi ndiye mtunza kuku. Aibu hii naomba ibaki kati yetu. Anachotaka Peniel sasa ni kuiwasha tena ile ya zamani ili aisafishe, na feni lile likinguruma tu, kuku ataruka dirishani. Hivyo basi mama, kila nilipoandika "msiizime", naomba usome "msiiwashe".