Jiwe la Kandida na Magadi

Jumatatu, 5 Julai 1993

Kandida wangu,

Baridi. Ukungu umeumeza Mlima Meru mzima. Kaka yako Melkizedeki amekuja na kigae kimoja cha Dubai, akakisugua kwa mkono wa koti, akasema kaburi lako atalijenga kwa vigae vya namna hiyo. Mimi nitulie tu, shemeji, nisijisumbue. Nisijisumbue! Mume ni nani? Nikamwambia nina mipango yangu. Akauliza mipango gani. Nikamwongezea chai.

Jumanne, 6 Julai

Mpango umepatikana! Daktari Agnela wa Chuo Kikuu, mpangaji wangu wa chumba cha uani, huchunguza kwa mwanga jinsi urani, yale madini ya nyuklia, inavyoshikamana na mawe. Leo kwa mzaha amemulika jikoni kwa taa yake ya zambarau. Shati langu likang'aa bluu. Akacheka: sabuni ya unga hiyo, baba. Kisha lile jiwe uliloliokota ziwani safari ya kwaya, ulilokuwa ukikandamizia kifuniko cha makande. Kijani! Kama jicho la paka. Akalitazama kwa kidude chake kinachopasua mwanga, akasema mistari ya rangi anayoiona humo ni ya urani, utando mwembamba juu ya jiwe. Akaliomba kwa uchunguzi. Nikasema nitafikiri.

Nilikuwa nimeshafikiri. Tangu biashara iwe huria, madalali wa mawe mjini wananunua chochote king'aacho. Nitakujengea mimi.

Jumatano, 7 Julai

Nimekwenda kwa dalali Koikai. Akasema jiwe ni chafu kama kwato. Nilisafishe, atakuja kuliona Ijumaa.

Alhamisi, 8 Julai

Mimi si mjinga. Sabuni inang'aa bluu, ingeharibu kijani. Nikatumia magadi. Kikopo chako bado kipo, na kijiko chako ndani. Nimelichemsha kwenye debe asubuhi nzima. Limetoka jeupe kuliko jino lolote la Arusha!

Ijumaa, 9 Julai

Aibu. Nilimwalika na Melkizedeki ili ashuhudie. Nikafunika madirisha kwa mablanketi. Nikaazima taa ya daktari. Nikamulika.

Giza.

Nikageuza jiwe. Giza. Kilichong'aa ni shati langu. Koikai akauliza kama ninauza shati. Shemeji alicheka mpaka akakalia kuku.

Jumamosi, 10 Julai

Nilidhani daktari atalia. Amepiga makofi! Magadi, baba? Magadi ya kupikia? Akanieleza taratibu. Urani ilikuwa imelishika jiwe. Magadi yameishika kwa nguvu zaidi, ikaondoka nayo majini. Na maji yenyewe hayang'ai mpaka yagandishwe kwa baridi kali ya maabara. Akayaomba yote. Yasinywewe, debe lisipikiwe tena.

Nikauliza kama kilichoondoka kinaweza kurudi. Akasema tindikali kiasi ikiyashinda magadi, urani huenda ikalirudia jiwe. Halafu akaniangalia. Baba, nimesema huenda.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya misa nimekuja kwako, umeniona. Nimeliweka jiwe kichwani pako. Haliuziki tena, na moyo wangu ukawa mwepesi ajabu. Shemeji akafika na fundi, wakapima. Akasema, shemeji, hili litazuia kigae. Nikasema basi kigae kisogee. Akalitazama. Akauliza si lile la makande? Akamwambia fundi aache nafasi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili.

Lakini daktari alichukua maji karibu yote. Chupa moja ilijificha nyuma ya mkaa. Nami njiani, Kijenge, nimenunua malimao, tindikali ya maskini. Kesho nitaliazima jiwe mara moja tu. Hebu fikiria: vigae vya Dubai vimelala gizani, na wewe peke yako kijani! Taa nitaiazima tena.

Usimwambie kaka yako. Na huko uliko, Kandida, unikumbuke.

Sylvanus