Kiwanda Kilichoungua kwa Adabu

Kilbrennan, Ontario
9 Oktoba 1878

Bwana Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi gazetini mwako niwalalamikie wananchi wa mji huu, ambao Jumamosi iliyopita waliniunguzia kiwanda changu cha mbao kwa adabu.

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa meya, yaani miaka yote tisa ni mimi tu. Alasiri hiyo tulikuwa uwanjani tukizindua pampu mpya ya zimamoto niliyoiagiza mwenyewe. Farasi walikwishafungwa kwenye pampu, tayari kuivuta. Nikapanda jukwaani kusema maneno mawili. Hotuba ilipofika pale ninaposimulia nilivyotoka Uskochi na shoka moja mkononi, moshi ulianza kufuka kiwandani, nyuma ya mgongo wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Watu mia tatu waliuona moshi, hakuna aliyefungua kinywa. Mchungaji Abernethy alivua kofia tu. Nikadhani ameguswa na habari za shoka.

2. Kapteni wa zimamoto, Alpheus Grier, hakuondoka. Anajitetea kwa sheria niliyoipitisha, kwamba mtu asitoke meya anapohutubia. Sheria ile niliwatungia walevi! Walevi wenyewe walikwishatoka zamani, wakaenda kumwaga maji kwa ndoo.

3. Paa lilipoporomoka, watu walipiga makofi wakidhani nimemaliza. Nikainama kushukuru, nikaendelea.

4. Wafanyakazi wangu arobaini hawana kazi, na majira ya baridi yanabisha hodi. Hilo, Bwana Mhariri, halinichekeshi. Jana fundi wangu wa misumeno, mzee Duquette, alinisimamisha njiani: "Bwana Meya, lile shoka bado unalo? Maana sasa tutalihitaji." Nikamvulia kofia, nikashika njia.

Kwa hiyo naomba baraza limpe onyo kali kila aliyenisikiliza mpaka mwisho.

Nisalimie mkeo, wapiga chapa wako, na wote wanaonitakia mema, hata kama wanatosha benchi moja.

Wako mtiifu,
Thaddeus Mowbray, Meya

Nyongeza: Mke wangu Lavinia ameisoma barua hii, akacheka mpaka akakaa chini. "We Thaddeus," anasema, "Alpheus si alipiga kelele, 'Moto, Meya! Moto!' Ukamjibu nini?"

Nimekumbuka. Nilimjibu, "Ahsante sana, Kapteni, na huo ni mwanzo tu."