Kiti cha Muna

Jumapili, 3 Agosti

Mama alinipeleka kwenye harambee ya kanisa na simu nikaisahau nyumbani. Nimekuwa mbali nayo kwa muda wa saa saba. Nimerudi, nimeiwasha, nimeona picha. Rafiki yangu Muna yuko Murera, juu ya pikipiki, amekaa nyuma ya Kamene.

Nyuma ya Kamene! Kwa miaka minne, tangu tukiwa chuo, Muna amekaa nyuma yangu kila Jumapili. Pikipiki yangu ni ya kawaida, kama ya watu wa boda, lakini kiti kile cha nyuma ni cha Muna. Kamene ana pikipiki ya safari, ndefu kama twiga, yenye masanduku ya chuma. Alihamia Ruiru mwezi wa tano, katika nyumba inayotazamana na ya Muna. Ati bahati. Sidhani.

Nimeikuza picha. Meno kumi na manne ya Muna yanaonekana. Akiwa nami hayajawahi kuzidi manane.

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini sikufanya lolote la maana. Nimesoma kurasa thelathini na moja kuhusu kugeuza pikipiki ya mjini kuwa ya safari, kwa pesa kidogo, ukiwa nyumbani. Inawezekana. Kuna watu wamefanya kwa spana mbili na subira. Mimi nina digrii.

Jumapili ijayo tunakwenda Kilimambogo, sote watatu. Muna atachagua mbele ya macho yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda Ruiru kwa Kamene, nikasema nilikuwa napita tu. Hakuna anayepita tu pale. Barabara inaishia kwenye geti lake.

Nilikuwa nimeficha tepu ya kushonea ya Mama ndani ya soksi. Kamene alipoingia kupika chai nikapima kila kitu: kimo, matairi, sanduku la nyuma. Akatoka akanikuta nimekumbatia gurudumu. Nikamwambia nimeangusha hereni. Tuliitafuta dakika ishirini, yeye akiwa amepiga magoti kwenye kokoto na tochi ya simu.

Masikio yangu hayajawahi kutobolewa.

Nduma alizoleta na chai zilikuwa tamu. Hilo sitamsamehe.

Alhamisi, 7 Agosti

Fundi Maluki amekuja kwetu Ngoingwa na mashine yake ya kuchomelea. Ilizima stima ya ploti nzima mara mbili. Mama alipoona mitungi ya plastiki akauliza kama sasa nimeamua kuuza maziwa.

Tumeweka springi ndefu. Matairi yenye meno makubwa. Mitungi miwili ya mafuta ya kupikia, ile ya lita ishirini, imekatwa ikawa masanduku ya kando. Na la nyuma? Hapo Mungu alionyesha mkono wake. Sanduku langu la bati la shule ya bweni lilikuwa bado chini ya kitanda, na linapishana na la Kamene kwa sentimita mbili tu! Hata jina langu liko pale kwa rangi nyeupe: WANGECHI M. 4127.

Maluki alitaka kulifunga kwa bolti ili liweze kutolewa. Nikamwambia achomelee. Njia za safari zinatikisa. Akaanza kuniuliza jambo fulani kuhusu kiti, nikamwomba azingatie kazi yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeijaribu. Inapendeza mno. Shida ni moja, ndogo: miguu yangu haifiki chini. Nikitaka kusimama lazima nitafute ukuta. Nilizunguka mtaa mara nne kwa kukosa ukuta ulio wazi, na mara zote nne mama Waruguru wa dukani akanisalimu. Mara ya nne alinisalimu kwa huruma.

Pale steji vijana wa boda waligeuka wote nilipotokea. Kisha mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, "Madam, kwani shule zimefunguliwa?"

Wivu. Nautambua nikiuona.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefika Ruiru kabla ya saa tatu na kuegemea geti la Muna kwa ustadi. Ametoka na kofia yake mkononi. Ameizunguka pikipiki polepole. Amegusa mtungi wa kushoto. Amesoma jina langu na namba. Nilingoja meno.

"Wangechi," akasema, "sasa mimi nakaa wapi?"

Nikageuka kumwonyesha. Nyuma yangu palikuwa na sanduku. Lilianzia mgongoni mwangu na kuishia kwenye taa ya nyuma. Pikipiki ya Kamene ni ndefu, ina nafasi ya mtu na ya sanduku. Sikuwa nimepima urefu huo.

Nikapendekeza akae juu ya sanduku. Muna akasema ana mama yake anayempenda.

Kwa hiyo amekwenda na Kamene. Mimi nimebeba mkeka, thamosi mbili na sufuria ya pilau. Nimewafuata hadi Kilimambogo nikitazama mgongo wa Muna. Pilau ilifika bila chembe ya vumbi. Kamene alilisifu sanduku, akalipiga kofi kama ng'ombe mzuri. Nikapakua pilau.

Wakati wa kula Muna alikuja kukaa kando yangu. Akasema ile pikipiki yangu ya zamani aliipenda, kwa sababu ni fupi, na akichoka alikuwa anaegemea mgongo wangu anasinzia. Ya Kamene inamtia hofu, hafumbi macho hata mara moja. Nikamuuliza, basi Murera alikwenda naye kwa nini. Akasema alinipigia simu mara sita sikupatikana, na Kamene alikuwa pale nje anaosha pikipiki.

Maelezo mepesi mno. Lazima kuna jambo.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefikiri wiki nzima na sasa kosa nimeliona. Ni urefu! Fremu inaweza kukatwa katikati, ikaongezwa chuma cha sentimita arobaini, ikachomelewa tena. Muna apate kiti chake, na sanduku libaki. Maluki alitazama pikipiki kwa muda mrefu. Akauliza kama si rahisi zaidi kukata sanduku tu, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Fundi mzuri, lakini haoni mbali.

Tumeanza leo. Pikipiki iko vipande viwili chini ya mparachichi.

Jioni Muna amepiga simu. Anauliza kama nitakwenda kwake kesho, hata kwa treni, tunywe chai tu, sisi wawili, tuongee kama zamani. Nimemwambia haiwezekani, kuna kitu kikubwa ninachomjengea. Kisha akasema sawa, basi atamwita Kamene.

Nilijua! Yule mwanamke hapitwi na nafasi hata moja.