Kiwanda cha Saruji Juu ya Meza ya Chakula

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe kafunga begi! Jumapili anahamia kwa shemeji, mwenye nyumba ya ghorofa moja na majigambo ya ghorofa mbili. Mke wangu analia jikoni, anasingizia vitunguu. Vitunguu viliisha jana. Mimi pia nimemzoea mzee, ingawa miaka yote huniita "huyu bwana". Sitaki aondoke. Basi nina mpango. Mzee aliendesha treni ya kiwanda cha saruji mpaka kilipofungwa. Nitamjengea kiwanda hichohicho juu ya meza ya chakula, kidogo, na reli zake. Ataiachaje treni yake? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. (Upara wangu hauhusiki.)

Jumatano, 5 Juni
Nimemchimba mzee kijanja, kama napiga soga tu. Tangi la maji lilikuwa upande gani? Kushoto, kasema. Mizani ya mabehewa? Kulia. Tanuri? Kushoto. Akamuuliza bintiye huyu bwana ana nini leo. Treni ya betri nimepata. Bomba la moshi ni chupa ya chai ya mke wangu (hajajua). Vumbi la saruji ni unga wa ngano. Kazi safi!

Ijumaa, 7 Juni
Sisimizi wamevamia kiwanda. Mke wangu kajua. Tunakula sakafuni. Shemeji kapita, kauliza kama nafuga kuku. Nikajikaza kisabuni.

Jumamosi, 8 Juni
Siku yenyewe. Mzee kavaa miwani, kazunguka meza, kazunguka tena. Kisha akasema hakuna hata kitu kimoja kilicho upande wake. Nikamkumbusha kwamba kushoto alisema mwenyewe. Akanitazama kwa huruma. Kiwandani waliingia kinyumenyume, akasema, mabehewa yakitangulia, na yeye kakipa kiwanda mgongo. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwa anayekitazama kiwanda. Hilo lilijulikana hata na mbuzi wa getini! Nikaenda kujificha uani. Kazi yote bure, na begi bado liko mlangoni.

Mke wangu akaja kuniita. Mzee alikuwa kaketi, kaipa meza mgongo, kashika kioo cha kujitazamia cha bintiye. Ndani ya kioo, tangi lilikuwa mahali pake. Mizani pia. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema, "Mwanangu, washa treni."

Mwanangu! Nikalia mimi. Sikusingizia vitunguu.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji kaja na gari, kaondoka bila begi. Mzee kamwambia zamu yake haijaisha. Halafu kaniomba niongeze nyumba za wafanyakazi, alikozaliwa mke wangu. Nikauliza yao ilikuwa upande gani. Kushoto kabisa, kasema. Kushoto! Safari hii sikosei: nimezibandika kulia, na kioo kitanishuhudia. Mbao nimeshakata, na gundi imeshakauka.