Mgeni wa Xanti Halipi

—tena kwenye aproni, jamani, Xanti Olazar kavaa aproni, jasho linamdondoka kidevuni, na foleni imeshapinda kona!

Subirini, nimeanzia mkiani.

Xanti ni yule bwana wa hapa Donostia mwenye skafu ya hariri na viatu bila soksi, ambaye kazi yake haijulikani ila hajawahi kulala njaa. Kwenye baa zetu za Parte Zaharra, mtaa wetu mkongwe, unajichukulia vitafunwa mwenyewe kaunta, mwisho unataja umekula vingapi, na mwenye baa anakuamini. Xanti hula saba, hutaja vinne, na bado anaagwa kwa heshima.

Ijumaa mchana alikuwa kwenye kitafunwa cha sita alipomsikia mwanamke pembeni yake akilalamika. Bibie anaitwa Casilda, katoka Madrid na mumewe na marafiki wawili, na kazi yake, kama ni kazi, ni kugundua migahawa mipya. Anakula, anapiga picha, anaandika, na watu laki moja mtandaoni wanameza mate. Mimi hawa wagunduzi siwaelewi. Mgahawa una mlango, una taa, una mpishi anayedamka alfajiri kwenda sokoni. Wewe umeugundua nini?

"Kote nimetanguliwa," alikuwa akimwambia mumewe. "Siku tatu, Gonzalo. Kila ninapoingia, kuna mjinga kashapiga picha sahani."

Gonzalo alikuwa anatafuna. Yeye muda wote anatafuna.

Xanti akafuta midomo. "Samahani dada, sikukusudia kusikiliza. Ila kuna sehemu moja... Basi, niache. Niliapa nisiseme."

Chambo cha mwaka arobaini na saba hicho, na samaki bado wanakula. Casilda kageuka kama alizeti.

"Sehemu gani?"

"Haina kibao nje. Haina menyu wala mhudumu. Kila meza ina mpishi wake, anawapikia watu wake tu. Mtu anainuka katikati ya chakula, anaingia jikoni kukoroga sufuria, anarudi kukaa. Hakuna mwandishi aliyewahi kukanyaga mle."

"Kila meza na mpishi wake," Casilda akarudia polepole, kama anayeonja chumvi.

"Ndiyo mtindo mpya. Euro mia tatu kwa kichwa, na sitaki hata senti kabla hamjala. Mkishatoka, tukiwa barabarani, ndiyo unipe bahasha. Mle ndani msitaje pesa kabisa. Wale wapishi ni wasanii, wakisikia pesa wanalia."

Kajaa kwenye kumi na nane. Au ndivyo Xanti alivyojiambia akienda zake, akiwa ametaja vinne.

Nyie mnaoujua mji huu mmeshashika mbavu, maana alichokieleza si mgahawa. Ni chama cha walaji, kile kile cha babu yangu. Wanaume wana jiko lao moja na funguo zao, Jumamosi wanakwenda kupikia wageni wao, wanatia gharama kwenye kisanduku, wanaimba, wanarudi nyumbani. Kina umri mkubwa kuliko mama yangu. Upya wake uko wapi? Sisi wanawake tunaruhusiwa kula, ila jikoni marufuku. Wala msituhurumie. Hatuoshi sufuria.

Ufunguo wake Xanti kaurithi kwa baba yake, marehemu Martin, na ndicho kitu pekee cha halali alichonacho. Wanaosubiri nafasi wapo kwenye orodha, wengine mwaka wa kumi na nane huu. Mwenyekiti, mzee Bixente, alishamwonya mara mbili kwa ujanja ujanja wake. Ya tatu, ufunguo unachukuliwa. Na mwanaume wa hapa aliyenyang'anywa ufunguo bora ahame, maana hata kinyozi atamnyoa bila kumsemesha.

Jumamosi saa nane mchana akawaingiza wale wanne. Wanachama akawaambia ni binamu zake. Kanuni inasema aliyeleta wageni ndiye anawapikia, basi Xanti akaingia jikoni na skafu yake shingoni. Aproni alisema ni ya watumishi. Mashavu ya samaki akayaunguza. Bixente akawaonea wageni huruma, akawakatia pande la nyama ya ng'ombe kutoka kwenye meza yake mwenyewe.

"Ona walivyo asilia," Casilda akasema, anapiga picha mpaka kitambaa cha kukaushia vyombo. "Xanti, tuongezee mvinyo. Ule wa rafu ya juu."

Aliongezewa mara nne. Xanti alimimina huku anatabasamu. Bahasha si inakuja.

Ikaja kweli. Casilda kainuka katikati ya ukumbi, katoa bahasha nene mkobani, na kwa sauti tamu akauliza, "Mzee Bixente, hii ya chakula nimpe nani?"

Vijiko vyote vikasimama.

"Ya chakula?" Bixente akasema. "Nani kakwambia hapa tunauza chakula?"

Casilda akamgeukia Xanti, macho makubwa kama ya mtoto mchanga. "Kaka Xanti, kwani nimekosea?"

Akisema bahasha ni yake, ufunguo umekwenda. Akinyamaza, bahasha imekwenda. Akailegeza skafu.

"Binamu anatania," akasema. "Wa Madrid hawa, utani wao wa ajabu."

"Mgeni hapa halipi," Bixente akasema. "Analipa aliyemleta. Kisanduku kile pale, mtoto wa Martin. Na ule mvinyo wa juu, chupa nne, usijisahaulishe."

Bahasha ikarudi mkobani. Xanti akatumbukiza kisandukuni mpaka kodi ya nyumba.

Mlangoni Casilda akasimama chini ya ubao wa kanuni, ulioandikwa kwa lugha yetu, ambayo watu wa Madrid huiangalia kama mikwaruzo ya kuku. Akausoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa lafudhi ya muuza jibini wa milimani. Mgeni halipi. Analipa aliyemleta.

"Bibi yangu ni wa Azpeitia, milima ya huku huku kwenu," akamwambia Xanti, anafunga vifungo vya koti. "Na babu alikuwa na ufunguo kama wako. Ulipoanza tu na kila meza na mpishi wake, nikajua tutakula bure. Asante kwa samaki, ingawa uliwaunguza."

Gonzalo alikuwa bado anatafuna.

Jioni ile ile akaandika: mgahawa mpya Donostia, mlango wa kijani usio na kibao, hakuna bei, semeni tu ni wageni wa Xanti.

Leo asubuhi Bixente kafika, kaiangalia foleni, kachukua ufunguo wa Xanti na kuutundika kwenye msumari juu ya jiko. Kisha kampa aproni.

"Mzee, hawa mimi siwajui."

"Wao wanakujua, wamekutaja jina. Mgeni wako, sufuria yako. Foleni ikiisha, chukua ufunguo wako. Akiondoka hata mmoja na njaa, nampa wa kwanza kwenye orodha."

Mimi ni wa thelathini na saba. Mbele yangu limeshusha basi zima la wastaafu kutoka Zaragoza, na nimeuliza mlangoni, samaki wamebaki kilo mbili. Kama ufunguo utatoka kwenye ule msumari au la, mtanisikia kesho. Leo nina njaa, na mimi pia ni mgeni wa Xanti.