Mwenye Nyumba na Kidhibiti Joto Chake

Shemeji yangu ndiye binadamu pekee ninayemjua aliyewahi kugandishwa na nyumba yake mwenyewe huku akiapa kwamba anasikia joto. Na aliapa akiwa amevaa masweta mawili, kofia ya sufu na soksi za mke wake.

Tunamwita Mitambo. Jina hilo alijipa mwenyewe, siku alipofanikiwa kubadilisha betri ya saa ya ukutani. Kazi yake ni kuuza viatu. Hupiga goti, hupima miguu ya watu, na kwa haki ya Mungu, kiatu anakijua. Lakini thubutu kumwita muuza viatu uone atakavyonuna. Yeye ni mtu wa teknolojia aliyekwama kwenye viatu kwa muda tu. Muda wenyewe sasa unafika miaka kumi na miwili.

Dada yangu alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue, na baridi ilikuwa imeanza kung'ata. Nyumba yao ina boila chini ya ngazi, inayosukuma maji ya moto kwenye mabomba ya kila chumba. Koridoni palikuwa na swichi ya mviringo: zungusha kulia, joto linapanda, zungusha kushoto, linashuka. Ilikuwa imefanya kazi miaka yote bila kumsumbua mtu, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi Mitambo.

"Mwanangu hawezi kulelewa kwenye nyumba ya kuzungushazungusha," alitangaza. "Tunaweka kidhibiti joto janja, kinachofikiri chenyewe."

"Basi utapata mwenzio wa kukusaidia," dada akamjibu, akaendelea kukunja nepi.

Kuchagua kulichukua wiki tatu. Dada alipaka rangi kitanda cha mtoto, akashona mapazia, akafunga mkoba wa hospitali. Mitambo alikuwa kochini akitazama video za watu wanaofungua maboksi. Mwishowe akanichukua nimsindikize dukani, maana alihitaji mtu wa kumsikiliza.

Muuzaji, mama mmoja mstaarabu, akatuonyesha kimoja kidogo cheupe. "Hiki ni rahisi sana," akasema. "Hata mama yangu anakitumia mwenyewe."

Maskini, hakujua anaongea na nani. Mitambo alikirudisha rafuni kwa ncha za vidole, kama aliyeshikishwa panya mfu. Akachagua chenye kioo cheusi, kinachoonyesha hali ya hewa ya miji mitatu ambayo hajui mtu hata mmoja anayeishi humo.

"Fundi wetu anaweza kuja kukifunga Jumatano," yule mama akasema.

"Fundi wa nini?" Mitambo akamuuliza, na kweli alikuwa anashangaa.

Akakifunga mwenyewe, dada akiwa hospitali. Koridoni aliona pana giza. Mgeni angeweza kupita bila kukiona, na nini maana ya kununua kitu ambacho mgeni hakioni? Basi akakihamishia sebuleni, ukuta unaotazamana na mlango, akauvuta waya hadi pale na kuubandika kwa gundi ya karatasi. Akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Kioo hakikung'aa vya kutosha. Dukani kwao kila kiatu cha bei mbaya huwekewa taa ndogo juu yake ili kivutie, naye akafanya vivyo hivyo: akakongomea taa sentimita chache juu ya kifaa, akaiwasha, akaridhika. Kitabu cha maelekezo nilikiona baadaye. Kilikuwa bado kwenye nailoni yake, kimewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Kwenye simu yake alijiandikisha kama Mwenye Nyumba. Akamwandikisha dada yangu kama Mgeni. Wageni wanaruhusiwa kutazama joto, si kuligusa.

"Ni mambo ya usalama, shemeji," akanieleza. "Wanawake hawakawii kubonyeza."

Mtoto alikuja nyumbani akiwa na siku tano. Alizaliwa mdogo, kilo mbili na kidogo, na muuguzi aliwaambia jambo moja tu mlangoni: huyu asipate baridi. Mama yetu akaja kumsaidia dada. Mama amefanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mkono wake unajua joto kuliko kipimo chochote.

Kesho yake saa nne asubuhi nikaenda kuwatembelea. Nilipoingia, pumzi ilinitoka kama moshi. Mama alikuwa na koti. Dada alikuwa kitandani chini ya mablanketi matatu, amemkumbatia mtoto kifuani. Mitambo, na masweta yake, alikuwa amesimama mbele ya kile kioo.

"Nyuzi thelathini na moja," akaniambia. "Karibu kwenye joto."

Nikashika bomba. Lilikuwa baridi kama sakafu. "Mbona mabomba hayana kitu?"

"Ndiyo akili yenyewe. Kifaa kimeona nyumba imepata joto la kutosha, kikazima boila. Ile swichi ya kuzungusha ingejua hilo?"

"Ongeza basi."

"Niongeze juu ya thelathini na moja? Unataka kumchoma mtoto?"

"Miguu ya mtoto ni ya baridi," dada akasema kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

"Ni hisia tu, mke wangu. Mtu aliyejifungua husikia baridi. Kifaa hakina hisia."

Mama akachungulia mlangoni. "Na mtoto naye amejifungua?"

Mitambo akatoa kitambaa, akafuta kioo. Nakiri nilitamani kumzaba kofi, na hadi leo najuta kidogo kwamba sikufanya hivyo.

"Mkwe wangu," mama akasema taratibu, "sasa hivi ni saa nne. Ikifika saa sita mjukuu wangu hajapata joto miguuni, nambeba yeye na mama yake. Tunakwenda kwa huyu kijana wangu. Chumba chake ni kimoja, lakini kuna hita."

Hapo simu ikalia mlio. Mitambo akaisoma, uso ukamchangamka. "Mnaona? Inashauri: nyumba ina joto kupita kiasi, fungua madirisha."

Na akafungua. Naapa, nilimwona kwa macho yangu, meno yakimgongana, akilifungua dirisha la sebule hadi mwisho.

Mama akapita kwenda kulifunga. Alipofika usawa wa ile taa akasimama. Akainua mkono mmoja, kisha wa pili, akavikinga viganja juu ya kifaa kama mtu anayeota moto.

"Mkwe, njoo," akaita. "Nimepata mahali penye joto nyumbani kwako."

Akaizima taa, akafunga dirisha, akavuta kiti na kuketi. Sote tukatazama kioo. Thelathini na moja. Ishirini na sita. Kumi na tisa. Kumi na tatu. Chini ya ngazi boila ikanguruma, na mabomba yakaanza kugongagonga.

"Nilikuwa nakifanyia majaribio," Mitambo akasema.

Saa sita kasoro, mama alifunua blanketi, akavishika vile vidole vidogo vya miguu, akatikisa kichwa kukubali. Akavua koti lake na kulitundika. Dada naye akanyoosha mkono. "Nipe simu yako." Akabonyezabonyeza kimya kimya, mtoto begani, kisha akamrudishia.

Jumapili wenzake wa dukani walikuja kumwona mtoto. Walimwona kwa dakika tatu. Muda uliobaki Mitambo aliwapanga mbele ya kidhibiti chake.

"Bosi, hebu shika simu hii," akamwambia mkuu wao. "Bonyeza hapo, ongeza nyuzi moja, usikie boila inavyonitii."

Bosi akavaa miwani, akabonyeza, akasoma kwa sauti: "Wewe ni mgeni. Unaruhusiwa kutazama tu. Tafadhali mwombe mwenye nyumba."

Wenzake wote wakageuka kumtazama Mitambo.

"Nani anabonyeza huko?" dada akauliza kutoka chumbani.

"Hakuna, mke wangu," Mitambo akasema. "Tunatazama tu."