Programu Tano kwenye Kompyuta ya Marehemu Gershom

Jumatatu, 5 Mei 2025
Leo nimempiku Hanad, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara! Dinah, mjane wa Mwalimu Gershom wa Chara, kalipita duka la Hanad kaja kwangu na kompyuta ya marehemu. Inakwama. Ndani mna sauti ya mumewe akisimulia hadithi za Kipokomo, na anazitaka Jumamosi, kwenye ibada ya ukumbusho. Nikamwambia dada, umefika. Kibao changu kinasema Daktari wa Kompyuta, si muuguzi.
Hanad akavuka barabara bila kualikwa. Akashauri ninakili kila kitu kwenye flashi kwanza, kisha nitumie programu ya usafi iliyokuja na kompyuta yenyewe. Moja tu. Moja! Wivu huo.

Jumanne, 6 Mei
Nimeweka tano. Ya kufagia takataka, ya kuongeza kasi, ya kusasisha, na antivairasi mbili, maana moja ikisinzia nyingine itakesha. Hizo mbili zimeanza kushtakiana. Kila moja inadai mwenzake ndiye kirusi.
Saa sita mchana, Garsen yote imelala kwa joto, niko peke yangu. Ile ya kufagia ikauliza kama ifute mafaili sitini na matatu yanayofanana. Nikajiuliza kwa sauti: nifute, nisifute? Nikafuta. Feni ikasimama. Umeme upo. Feni tu.

Jumatano, 7 Mei
Ndizo zilikuwa hadithi zenyewe! Zote zilianza na jina Gershom, programu ikadhani ni kitu kimoja. Dinah kapiga simu. Nimemwambia mgonjwa anaendelea vizuri.
Nimepakua programu ya sita, ya kufufua vilivyofutwa. Neno hilo kufufua silipendi. Imefufua sitini na nne.

Alhamisi, 8 Mei
Nimesikiliza ya sitini na nne. Tarehe yake ni juzi, saa sita mchana. Gershom tulimzika Januari.
Inasikika feni yangu. Mbuzi wa barabarani. Nikashusha pumzi: kumbe moja ya programu ilifungua maikrofoni ikanirekodi. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Nifute, nisifute?" Na mwanamume, karibu na maikrofoni kuliko mimi, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma: "Usifute, Ishmael."
Nimechomoa waya. Nimekaa nje juani na bado nasikia baridi.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemeza kiburi, kichungu kama shubiri. Nimempelekea Hanad kompyuta. Akaisikiliza ile ya sitini na nne, mara moja tu. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akanong'ona dua, akang'oa programu zangu zote sita, akanakili hadithi kwenye flashi. Alipomaliza zilikuwa sitini na tatu. Akaniuliza ile nyingine nimeifuta? Sijaigusa!

Jumamosi, 10 Mei
Chara. Sauti ya Gershom ikajaa kanisa. Watu walicheka palepale walipozoea kucheka, kisha wakakumbuka. Dinah akanishukuru mbele ya wote. Hanad hakuwepo, kwa hiyo sikumtaja.
Tulipotoka Dinah akanivuta kando. Akasema ile ya sitini na nne aliikuta kwenye flashi, ila hakuipiga kanisani. Ameisikiliza nyumbani, peke yake.
"Kaka Ishmael," akasema, "alikwambia usifute. Mbona ulifuta?"
Nikausifu wali.

Jumatatu, 12 Mei
Mumina wa duka la dawa kaleta yake, nayo inakwama. Nimepata programu mpya, ina picha ya ufagio, inafanya kazi za zile sita peke yake! Tatizo lilikuwa wingi wa programu, si mimi. Hanad kapiga kelele kutoka ng'ambo kwamba ninakili kwanza. Nimefunga mlango.
Mumina kachungulia dirishani, akauliza iko tayari? Kabla sijafungua kinywa, mwanamke nisiyemjua akamjibu kutoka ndani ya kompyuta: "Bado."
Mumina akasema haya, akaenda zake. Sasa napakua programu ya kuondoa sauti.